Vidole Vitatu vya Tabitha

Ndugu zangu, mimi nina aibu nyingi nilizozichuma maishani, nimeshateleza kwenye tope mbele ya wakwe nikiwa nimevaa suruali nyeupe, nimeshasimama kanisani nikaanzisha wimbo kumbe ni wakati wa kuomba kimya, lakini hizo zote ukizipanga moja juu ya nyingine hazifiki hata magotini mwa aibu ya ule ubao wa kompyuta, na kama mnaona naisimulia mwenyewe ni kwa sababu Mzee Msengi ameshaisimulia mpaka Shelui, naye akisimulia anatia chumvi (anasema nilitumia shoka, mimi sikutumia shoka, nilitumia msumeno), kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenye aibu yangu.

Mimi ni mtu wa Ulemo, darasa nililofika ni la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza nusu kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa hawana mchungaji. Kusoma nasoma, polepole, kidole chini ya mstari. Nalima alizeti na mahindi, nina mizinga ya nyuki, na nina jozi ya maksai wa kulimia. Mke wangu, Mama Tabitha, alifariki mwaka wa sita huu, na Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Tabitha mwenyewe, ambaye tangu siku tuliyoanua matanga ya mama yake alikuwa hajalala tena nyumbani. Si kwamba hanipendi. Anapiga simu, anatuma hela ya sukari, anauliza kama kifua kimepona. Lakini ninyi mnajua, simu haikai mezani ikala ugali na wewe.

Kazi yake yuko Dar es Salaam, anatengeneza katuni, zile picha za kuchora zinazotembea na kuongea. Kuna sungura mmoja anatangaza sabuni kwenye televisheni, basi yule sungura ni wa Tabitha, na mimi kila jioni nilikuwa nakwenda kwa Mzee Msengi (yeye ndiye mwenye televisheni, jirani yangu, rafiki yangu, na adui yangu) nakaa pale nangoja taarifa ya habari iishe ili sungura aje. Yule sungura akimaliza kusema mambo ya sabuni anafumba jicho moja. Tabitha alikuwa anafumba vile vile akiwa mdogo, akishamdanganya mama yake kwamba ameshachota maji. Nikiliona lile jicho linafumba najisikia kama mtu ameniita jina kwa nyuma, nageuka, hakuna mtu.

Sasa siku moja, alizeti imeshaanza kuinamisha vichwa, simu ikalia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?" (Mimi huwa naanzia hapo, hata akipiga asubuhi kabla jogoo hajamaliza.)

"Nimekula baba. Sikiliza, nina habari. Ofisini wamenikubalia nifanye kazi nikiwa popote mwezi mzima. Nataka nije nyumbani, nikae mpaka tumalize kuvuna."

Mimi nilikuwa nimesimama nikakaa. Nilikaa juu ya kuku, kwa kweli, alipiga kelele sana yule kuku.

Lakini mtoto akaendelea, na hapo ndipo mambo ya mkasa yalipoanzia. Akasema kazi yake inataka kompyuta yenye kadi mbili za picha, yaani vile vidude vinavyochora zile picha, kwa sababu kadi moja inachora taratibu mno na mabosi wake hawasubiri. Ile ya kukunja kama kitabu haina nguvu hiyo. Ya ofisini ni kubwa kama kabati, haibebeki kwenye basi. Kwa hiyo amenunua kasha dogo, na kadi mbili anazo, kilichokosekana ni ubao wa ndani, ule ambao wenyewe wanauita mazabodi, ambao kila kitu kinachomekwa humo.

"Shida ni hii baba. Mbao ndogo karibu zote zina mdomo mmoja mrefu wa kuchomeka kadi. Zenye midomo miwili ni kubwa, haziingii kwenye kasha langu. Nimezunguka Kariakoo yote nimekosa. Ila kuna duka hapo Singida mjini, nimeona kwenye simu, wanao mdogo wa midomo miwili. Umebaki mmoja. Na kuna fundi wa Nzega anakuja kuuchukua Alhamisi."

"Si uwatumie hela?"

"Nilishatuma hela siku nyingine nikaletewa kipande cha tofali kwenye boksi. Nataka mtu aushike kwa mkono. Nenda wewe, baba."

Nenda wewe, baba. Sikumbuki lini mtu aliniambia maneno matamu kama hayo.

Akanieleza vizuri kabisa, siwezi kumsingizia. Niangalie ule mdogo. Niangalie una midomo miwili mirefu. Na kati ya mdomo na mdomo nafasi iwe ya vidole vitatu, kwa sababu kadi zile zina unene, zikibanana zinapashana joto na kuungua. "Na ukifika dukani unipigie, niongee na muuzaji mwenyewe. Baba, nikiupata huo nakaa mwezi. Nikiukosa nitakuja kukusalimia siku tatu tu, halafu narudi kazini. Umenielewa?"

Nilielewa kuliko alivyofikiri. Hebu semeni ninyi mnaolima: vitu viwili vyenye nguvu, vinakaa sambamba, vinavuta kazi moja, vikibanana vinaumizana. Hiyo si nira? Mimi nina historia na nira. Nilikuwa na maksai wawili, Kamanda na Mbuga, nikachongewa nira na mtu asiyejua, fupi, wakawa wanalima wamegusana mbavu, jua la hapa mnalijua, yule Kamanda akachubuka bega, kidonda kikaingia funza, akafa katikati ya msimu na mimi nikamaliza shamba kwa jembe la mkono. Mama Tabitha alinicheka mpaka akalia, kisha akachukua jembe la pili akaja upande wangu. Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya nafasi kati ya wawili, mimi sihitaji kompyuta kuielewa.

Jumatano nikavaa koti langu la harusi (harusi yangu mimi, si ya mtu mwingine, kwa hiyo mjue umri wa koti) nikapanda gari mpaka Singida mjini. Duka lenyewe nalijua tangu zamani, ni la familia moja ya Kihindi, marehemu baba yangu alikuwa ananunua pale tambi za taa wakati babu yao yuko kaunta. Siku hizi taa hawauzi, wanauza mambo ya kompyuta na simu, na aliyekuwa kaunta ni mjukuu, binti mmoja mpole, Shirin.

"Shikamoo babu, karibu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimefuata mazabodi." Nikaitamka kwa sauti, watu wageuke. Na watu waligeuka. Kulikuwa na mwalimu mmoja anatafuta chaja, na mama mmoja wa Iguguno aliyeleta spika ya kwaya, na wengine wawili watatu wanangoja tu.

Shirin akaniwekea mbao mbili juu ya kioo. Mmoja mdogo, wa mraba, kama kigae cha sakafuni. Wa pili mrefu zaidi, wa kijani, umejaa vidude kama mji uliotazamwa kutoka mlimani. "Huu ndio aliouulizia dada wa Dar," akanisogezea ule mdogo. "Midomo miwili, babu, huu hapa na huu hapa."

Nikainama. Kweli midomo miwili. Nikatoa mkono wangu, nikabana vidole vitatu, nikavishusha pale katikati.

Havikuingia.

Viliingia viwili, cha tatu kikakaa juu ya mdomo wa pili kama mtu aliyekosa kiti kanisani. Nikajaribu mkono wa kushoto. Vivyo hivyo. Nikasema, "Mjukuu wangu, huu ni nira fupi. Hautufai."

"Unafaa babu. Ndio wenyewe."

"Mwanangu kasema vidole vitatu."

Yule binti akacheka kidogo, akashusha vidole vyake vitatu pale katikati, vikakaa sawasawa, hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. "Vitatu hivi hapa babu."

Na mimi (Mungu anisamehe, hapa ndipo nilipostahili kupigwa kofi) nikainua vile vidole vyake, nikawaonyesha watu wote dukani kama mnadani, nikasema, "Hivi vidole vimeshawahi kushika mpini wa jembe? Hivi ni vidole? Hizi ni njiti za kiberiti!"

Watu wakacheka. Yule mama wa Iguguno akasema, "Mzee anajua huyo!" Basi nikapata nguvu, nikaanza kuwahubiria habari ya Kamanda na Mbuga, kidonda, funza na yote, mpaka mwalimu wa chaja akavua miwani akafuta macho. Nikapima ule ubao mkubwa, vidole vyangu vitatu vikaingia na nafasi ikabaki. Nikasema, "Nira ni hii. Hapa ng'ombe wanapumua."

"Babu, huo hautaingia kwenye kasha dogo," Shirin akasema, sasa hacheki. "Na dada alisema kasha lake ni dogo."

"Kasha ni kasha. Mimi nachonga mizinga ya nyuki tangu hujazaliwa. Kasha likibana linapanuliwa, ng'ombe akichubuka anakufa."

"Basi tumpigie dada. Nipe simu nimpigie mimi."

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi nami nikaufunga kwa mguu wangu. Nilikuwa na simu mfukoni, ina chaji, ina salio. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshampigia mara mbili, ya kwanza kumwambia nimeamka, ya pili kumwambia nimepanda gari, na ya pili alijibu kwa sauti ya kunong'ona, "Baba niko kikaoni, nitakupigia." Ninyi hamjui mzee anavyoyahesabu maneno hayo. Nikaona nikipiga ya tatu nitakuwa mzigo. Na zaidi ya hapo, niseme ukweli wote, nilitaka afike nyumbani akute kitu kimeshakamilika, aseme, "Baba, umeweza." Mama yake alikuwa anayasema maneno hayo. Sijaambiwa umeweza na mtu tangu azikwe.

Nikamwambia Shirin, "Usimsumbue, yuko kikaoni. Nifungie huu." Akanifungia, pole pole, akiniangalia kama mtu anayemfungia mgonjwa dawa isiyokuwa yake.

Nikarudi Ulemo na lile boksi mapajani. Yaliyofuata siku mbili zile mngeniona mngesema nimeingiwa na pepo. Nilipaka chumba chokaa. Nikamwita fundi seremala achonge meza ya kazi, nikampimia mwenyewe, urefu kwa shibiri zangu, kimo mpaka kwenye kitovu changu. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba Tabitha anakuja kukaa mwezi, na kwamba mimi nimemchagulia nira ya kompyuta. Mzee Msengi akasema, "Wewe? Wewe ambaye redio yako ulikuwa unaigeuza betri kichwa chini mwaka mzima?" Nikamwambia aje Jumamosi ashuhudie.

Walikuja wote. Kwaya ya akina mama ilikuja. Tabitha akashuka kwenye basi saa sita mchana, begi mgongoni na kasha lake mkononi, mwembamba, nywele fupi, nilimtazama nikatafuta mtoto wangu humo ndani nikamkosa kwa muda kidogo, mpaka alipofumba jicho moja. Vigelegele. Akapiga goti barabarani, "Shikamoo baba," na mimi niliyekuwa nimeandaa hotuba nikajibu, "Umekula?"

Sasa kwetu kitu cha heshima hakikabidhiwi mkono mtupu. Nilikuwa nimeuweka ule ubao kwenye ungo, nikaufunika kwa khanga ya mama yake, na akina mama wakauleta wakiimba kama wanaleta mahari. Tabitha akacheka, akaifunua khanga.

Kicheko kikakaa mdomoni kikasahau kuondoka. Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akafungua kasha lake, akauweka ubao juu yake, na ubao ukatokeza nje, kipande kikubwa tu, kama mguu wa mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

"Baba Tabitha," Mzee Msengi akasema, naye alingoja kwanza watu wanyamaze, "huyu maksai wako ni mkubwa kuliko zizi."

Walicheka, ndugu zangu. Kwaya ilicheka kwa sauti nne.

Tabitha hakucheka. Alisema taratibu, "Hamna neno baba. Jumatatu tutakwenda kuubadilisha." Kisha akaichukua ile khanga, akasema anakwenda kumsalimia mama kwanza, akaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi na akina mama wakamfuata. Nikabaki mimi, wanaume, ungo, ubao, na Msengi.

Kama Msengi angenyamaza pale, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini alizunguka ule ungo, mikono nyuma, akasema, "Si ulisema unachonga mizinga? Si ulisema kasha likibana linapanuliwa?" Nikaligusa kasha. Chuma. Chuma hakipanuki. Nikaugusa ubao, nao mwepesi, mwembamba, kama gamba la kobe, na huku mwishoni hapakuwa na kitu kikubwa, palikuwa pametulia tu, vimistari vidogo vidogo vya dhahabu kama nyayo za siafu. Nikasema moyoni, hapa hapana mtu anayeishi. Ng'ombe mwenye pembe ndefu huwa tunamkata ncha, na anaendelea kulima.

Nikauchukua msumeno wa chuma.

"Mzee mwenzangu," Msengi akasema, sauti imebadilika, "nilikuwa natania."

"Shika huku," nikamwambia. Na alishika! Hili haliwekagi kwenye simulizi yake, lakini alishika, ndiye aliyeushikilia ubao na mimi nikakata, krr, krr, krr, unga wa kijani unadondoka kwenye ungo, na nilikata kwa unyofu mzuri, hata leo nasema, mstari ule haukuyumba.

Nilikuwa katikati Tabitha aliporudi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama na ile khanga begani, akatazama msumeno, akatazama ule unga wa kijani, akaketi chini hapo hapo, akafunika uso. Mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikapiga magoti mbele yake mzee mzima, nikasikia kumbe anacheka, anacheka kile kicheko cha mama yake cha siku ya nira, na mimi nikaanza kucheka kwa kupona, halafu nikaona, hapana, ameshahama, sasa analia kweli.

"Kwa nini hukunipigia, baba? Nilisema unipigie."

"Ulikuwa kikaoni," nikasema.

 Alinishika mkono wa koti akaukunja ule ukingo uliochakaa, akaukunjua, akaukunja. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja bila kuambiwa. Hata Msengi aliondoka kimya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumatatu tukaenda mjini. Mimi nilibeba ubao wangu uliokatwa nusu, nilitaka nibaki nyumbani lakini Tabitha alisema twende wote. Shirin alipotuona akainuka, akamsalimia Tabitha, akanisalimia mimi, akauchukua ubao, akaugeuza. Kidole chake kikapita kwenye ule mstari wa msumeno.

"Babu," akasema, "umemnyoa?"

Na dukani, kwa bahati yangu, nani yuko pale? Yule mama wa Iguguno, amefuata spika yake. Akauliza, "Ng'ombe wanapumua, mzee?" Nikaangalia viatu vyangu.

Ule mdogo fundi wa Nzega alikuwa ameshauchukua, Alhamisi ile ile kama ilivyosemwa. Shirin alipiga simu Arusha, akapiga Dodoma, akatafuta kweli, yule binti hana kinyongo, mimi niliyeviita vidole vyake njiti. Zenye midomo miwili zote ni kubwa. Ndogo zote mdomo mmoja. Akasema, "Dada, ule ungekufaa kabisa. Nafasi ilikuwa hivi," akaweka vidole vyake vitatu juu ya kioo cha kaunta.

Tabitha akaweka vyake pembeni. "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Nikaiona ile mikono miwili pale kwenye kioo, wa Shirin na wa mwanangu, imelala sambamba. Unene ule ule. Wembamba ule ule. Na mimi nikaleta mkono wangu polepole nikauweka kando, nikauona ulivyo, magome, vifundo, kidole cha kati kimepinda tangu kilipobanwa na mnyororo wa plau. Hapo ndipo nikaelewa, na hakuna aliyenieleza. Mtoto aliposema vidole vitatu alikuwa anasema vya kwake. Mtu akisema vidole atasema vya nani? Na mimi nilivijua vidole vyake mara ya mwisho vikiwa vinashika chungu cha maji, tena mama yake ndiye aliyekuwa akivipima alipomfumia glavu, mimi nilikuwa shambani. Miaka sita sijaushika mkono ule hata ukapata joto. Nilikuwa nimepima mtoto wangu kwa mwili wangu mimi, na nikawatangazia watu kwamba vidole vya wengine ndivyo vyenye makosa.

Nilimwomba Shirin msamaha pale pale mbele ya mama wa Iguguno. Akasema, "Yameisha babu," akanipa maji ya kunywa.

Tabitha alisema angejitahidi na kadi moja. Akaulizia huko ofisini, wakamjibu kazi ya sungura mpya inatakiwa wiki ile ile. Kwa hiyo zikawa zile siku tatu. Jumanne tuliamka mapema, tukaenda shambani, tukavunja vichwa vya alizeti mistari minne, mimi huku na yeye kule, kila nikiinua kichwa naye anainua. Meza niliyomchongea aliijaribu, akakaa, ikamfikia kidevuni.  Aliniambia tu, "Nzuri baba," na akafumba jicho moja, na mimi najua jicho lile lina maana gani.

Kabla hajaenda kituoni nikamwambia, "Ngoja." Nikachukua lile boksi la ule ubao, nikalikata ubavu mmoja kwa kisu, nikaliweka mezani, nikamwambia aweke mkono. Akauliza wa nini. Nikasema weka tu. Akaweka, nikachukua penseli ya seremala nikauzungushia, kidole kwa kidole, polepole, nilichelewesha kwa makusudi kwenye gumba, na alijua nachelewesha, hakuuondoa. Basi lilipiga honi ya kwanza nikiwa bado kwenye kidole kidogo.

Sasa hivi ninavyowasimulia lile boksi limetundikwa ukutani, juu ya redio, mahali ambapo watu wengine wanaweka kalenda. Nimeapa, na kiapo hiki Msengi anakijua, kwamba sitapima tena kitu cha mtu kwa vidole vyangu kabla ya kumuuliza yeye mwenyewe vyake vikoje, na sitaogopa kupiga simu ya tatu, hata akiwa kikaoni, aninong'oneze tu. Wiki iliyopita nilipiga. Nilikuwa sina la kusema, nikasema alizeti imekauka vizuri. Akasema, "Baba, kuna mtu kaniahidi ubao mdogo wa midomo miwili. Nikiupata nitaubeba mwenyewe mapajani." Hakusema lini. Sikuuliza.

Lakini kesho yake nilimwita tena fundi seremala. Akaja na futi yake, nikamwambia iweke mfukoni. Nikalishusha lile boksi ukutani, nikamwambia, "Ikate miguu hii meza, na shibiri ya kupimia ni hii hapa."